Ndege za Vita Mezani

Merikebu ya moshi iliyopewa jina la William Mackinnon haikufika Ziwa Viktoria kwa kuelea. Iliundwa Uskoti na kampuni ya Bow, McLachlan, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku, ikavushwa bahari mpaka Mombasa, na kutoka huko vipande vyake vikapelekwa bara, vingi vikichukuliwa na hamali vichwani na mabegani, katika safari ndefu yenye mashaka hata vingine vikapotea njiani; na vilivyosalia vilipokusanywa, na vilivyopotea vikapatiwa badala yake, ndipo ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikiwa bado haijafika. Winifred na Sybil zikafuata kwa desturi ile ile, na baada yao Clement Hill, Usoga na Rusinga. Na hata MV Victoria, iliyoundwa na Yarrow wa Glasgow, ilikuja vipande vipande ikaunganishwa upya Kisumu na kuingia majini mwaka 1961. Kila bamba la chuma lilitiwa alama kiwandani kabla ya chombo kufunguliwa, ili fundi aliye mbali, ambaye hakuwahi kukiona kikiwa kizima, aweze kukisimamisha kwa kuzisoma alama zake.

Nimeanza na habari za merikebu, ilhali makala haya ni ya ndege, kwa kuwa wako watu, na miongoni mwao wamo wazazi wenye nia njema, wadhanio kwamba kuunga ndege ndogo za vita kutoka katika vipande vya plastiki vilivyotiwa nambari ni mchezo wa kigeni usio na nasaba katika mji huu wa Kisumu. Mji huu ulikua kwa kazi ya namna hiyo. Aliye na shaka na ashuke mpaka bandarini, ahesabu vyombo vilivyozaliwa mara mbili, mara ya kwanza ng'ambo na mara ya pili hapa.

Sanaa yenyewe ni nyepesi kuieleza na ngumu kuimudu. Ndani ya sanduku mtu hukuta fremu kadhaa za plastiki, aghalabu za rangi ya kijivu, na katika kila fremu vimeshikamana vipande vingi: nusu ya kiwiliwili ya kushoto na nusu ya kulia, mabawa, magurudumu, rafadha, kiti cha rubani na kioo cha kumkinga na upepo. Pamoja navyo hukuta karatasi ya maelekezo, na karatasi nyingine yenye alama za jeshi ambazo hubanduka zikiloweshwa maji. Kipimo kilicho mashuhuri kuliko vyote ni moja kwa sabini na mbili, yaani kila inchi moja ya mfano husimama mahali pa futi sita za ndege ya kweli, nazo ni kimo cha mwanamume mrefu. Kwa kipimo hicho Hurricane, ndege ya vita ya Waingereza ambayo mabawa yake yalitanda mita 12.2 kutoka ncha hadi ncha, hupungua ikawa na upana wa sentimita 17, ikaweza kukaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Viko vipimo vikubwa zaidi, moja kwa arubaini na nane na moja kwa thelathini na mbili, vinavyompa mtu nafasi ya kuonyesha waya na misumari; lakini sabini na mbili ndicho cha kuanzia, kwa bei yake na kwa nafasi inayochukua katika nyumba ya watu wengi.

Kipimo hicho kilienea Uingereza katika miaka ya 1930 kwa mifano ya Skybirds iliyokuwa ya mbao na chuma, na mwaka 1936 kampuni ya Frog ikaanza kuuza mifano ya plastiki kwa jina la Penguin. Kisha vita vikaja, na kilichokuwa burudani kikawa faradhi. Askari wa mizinga aliyeielekeza mizinga yake mbinguni alipaswa kupambanua kwa nukta chache ndege ya adui na ndege ya rafiki, na kosa lake lilikuwa na thamani ya roho. Kwa hiyo mifano midogo iliyopakwa rangi nyeusi ikatumiwa katika vyumba vya mafunzo ili macho yazoee umbo la kila ndege kutoka kila upande. Marekani, mwaka 1942, jeshi la majini liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano ya mbao nusu milioni kwa kipimo hicho hicho cha sabini na mbili. Watoto wakakaa madarasani na visu na msasa, wakachonga ndege ambazo wengine wangezitazama ili wasiuawe, wala wasiwaue wenzao.

Baada ya vita zikaingia katika sanaa hii kampuni ambazo majina yake yanajulikana leo kila mahali ilipofika. Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, kwa biashara ya vichezeo vya mpira vya kujazwa hewa. Mwaka 1952 ikatoa mfano wa merikebu Golden Hind uliouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya Woolworth, na muda si mrefu ikaingia katika ndege. Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, Tamiya ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ikauza mifano ya mbao, kisha mwaka 1960 ikageukia plastiki, na kwa umakini wa vipande vyake ikajipatia sifa ambayo hadi leo haijapungua.

Katika orodha za makampuni hayo Spitfire ndiyo yenye enzi. Ni ndege nzuri, sikatai, na mabawa yake ya duaradufu hayana mfano. Lakini rai yangu ni kwamba kijana wa Kisumu, au wa Homa Bay, au wa Mbita, anayetaka kuijua sanaa hii kwa dhati, asianze na ndege iliyopigana juu ya mashamba ya Kent, Uingereza. Aanze na ndege iliyopigania anga yake mwenyewe. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, mpaka wa kaskazini wa Kenya uligeuka uwanja wa vita: Moyale ilitekwa, Wajir ikashambuliwa kwa mabomu kutoka angani, na hata Malindi, mji wa pwani usiokuwa na ngome, haukusalimika. Jeshi la anga la Afrika Kusini likaleta Kenya ndege za Hurricane pamoja na Fury, ndege za zamani zenye mabawa mawili mawili, moja juu na moja chini. Na Waitalia nao walirusha CR.42, ambayo ingawa ilikuwa ya mabawa mawili ilikuwa hodari na nyepesi kugeuka. Mwaka uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya, yakiwemo ya King's African Rifles, yalisonga mbele chini ya ulinzi wa ndege hizo, yakaingia Kismayu na Mogadishu mwezi Februari, na tarehe 6 Aprili 1941 yakafika Addis Ababa.

Kuna kisa kimoja cha vita hivyo ambacho msomaji atakielewa barabara siku atakapokiunga kiti cha Hurricane kwa mkono wake. Tarehe 15 Machi 1941 kapteni John Frost, rubani mashuhuri wa Afrika Kusini, alikuwa akishambulia uwanja wa ndege wa Diredawa nchini Ethiopia wakati ndege yake ilipopigwa, ikamlazimu kutua karibu na adui. Luteni Bob Kershaw, aliyekuwa naye angani, akatua kando yake huku risasi zikilia, akamchukua, na wote wawili wakaruka wakarudi salama katika ndege iliyoundwa kwa mtu mmoja, wamekaa juu ya kiti kimoja. Ukikisoma kisa hicho katika kitabu utasema ni ushujaa, nawe utasema kweli. Lakini ukiwa umeshika nusu mbili za kiwiliwili, umeona kwamba chumba cha rubani ni chembamba hata kibano hakipiti kwa urahisi, umekitia kiti, umetia fimbo ya usukani mbele yake, ukatafuta mahali pa kumweka mtu wa pili na usipapate, ndipo utakapojua walichofanya. Hii ndiyo faida ambayo picha haitoi. Jicho hupita juu ya kitu kwa haraka. Mkono hauwezi kupita mpaka umekielewa.

Na wako wazee wetu wengine ambao waliiona Hurricane mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo askari wengi kutoka Kenya, iliteremka bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua za mwaka 1944, katika matope na maradhi, ikafika Kalewa mwezi Desemba. Na Hurricane, ambayo wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kupitwa na nyingine, ilikuwa bado katika vita vya Burma ikipiga maadui waliojificha msituni. Familia nyingi za Nyanza zina babu aliyekwenda Burma, na aghalabu kilichosalia nyumbani ni nishani na picha iliyofifia. Mjukuu anaweza kuongeza hapo kitu alichokifanya mwenyewe.

Sasa tuje katika kazi. Anayeanza hutamani kuunga mabawa kwanza ili aone ndege ikisimama, lakini wenye uzoefu huanza na chumba cha rubani, kwa sababu kiwiliwili kikishafungwa, ndani hapafikiki tena. Vipande hukatwa katika fremu kwa koleo ndogo yenye makali, wala havivunjwi kwa vidole, na kile kidonda kinachobaki mahali palipokatwa husuguliwa kwa msasa laini mpaka kitoweke. Ndani ya chumba hupakwa rangi ya kijivu inayoelekea kijani, ndiyo waliyoitumia Waingereza. Ubao wa saa huwa mweusi, na duara za saa hutiwa nukta nyeupe kwa ncha ya sindano. Kisha nusu mbili huunganishwa. Gundi ya kazi hii haishiki vitu kwa unato tu. Huyeyusha kidogo uso wa plastiki, na nyuso mbili zilizoyeyuka hukauka zikawa kitu kimoja, ndiyo sababu tone moja linalodondoka bawani huacha alama isiyofutika. Funga kwa tepu, uiache mpaka kesho. Mshono ukibaki na ufa, hujazwa kwa uji mzito wa jamaa moja na ule ambao mafundi wa mabodi ya magari huzibia mibonyeo, kisha husuguliwa tena.

Hurricane ina mtihani wake wa pekee. Sydney Camm, aliyeisanifu, na ambaye ndege yake iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, hakuacha kabisa mila za zamani: nyuma ya rubani kiwiliwili kilikuwa kiunzi cha mabomba ya chuma na fito za mbao, kimevikwa kitambaa kilichovutwa na kupakwa dawa ya kukikaza. Kwa hiyo katika mfano ulio mzuri, sehemu ya nyuma ina mistari mirefu inayoinuka kidogo, ambayo ni alama ya fito zilizo chini ya kitambaa, na sehemu ya mbele ni laini kama inavyostahili bati. Mtu mwenye pupa huchukua msasa akasugua mshono wa mgongoni mpaka mistari ile ikaisha, na akishafanya hivyo ameifuta tarehe yenyewe ya ndege, kwani ni mistari hiyo inayotuambia kwamba ilizaliwa kati ya zama mbili. Nacho kitambaa hicho ndicho kilichowafaa mafundi wa vita, kwa sababu kitambaa kilichotobolewa na risasi kilizibwa kiwanjani kwa saa chache, ilhali ngozi ya bati ya Spitfire ilihitaji kazi kubwa zaidi.

Rangi ndiyo inayowatenga wenye subira na wasio nayo. Juu, Hurricane za miaka ile zilipakwa udongo na kijani kilichoiva, zikichanganyika kwa mawimbi. Chini zilikuwa na rangi hafifu. Hupakwa rangi hafifu kwanza na iliyoiva baadaye, kwa matabaka mepesi mengi, kila moja likiachwa likauke. Alama za duara za Afrika Kusini zataka uangalifu, kwa kuwa katika miaka ya vita jeshi hilo lilitia rangi ya chungwa mahali ambapo Waingereza walitia nyekundu, wala si kila ndege ilibadilishwa wakati mmoja. Mwenye kutaka ukweli hutafuta picha ya ndege anayoiunda, nambari yake ikionekana, akaifuata hiyo na kuacha kubuni. Sioni haya kusema kwamba hapa ninawalaumu wale wanaopaka matope, masizi na mikwaruzo kila mahali kwa kupenda tu. Mafundi wa viwanjani walikuwa watu wa taratibu, waliozipangusa ndege zao kwa sababu maisha ya mwenzao yalikuwa ndani yake.

Hali ya hewa ya Kisumu ina hukumu yake. Mji uko karibu mita 1,130 juu ya bahari, lakini joto la mchana ni kali, na rangi inaweza kukauka katika ncha ya brashi kabla haijafika bawani, au ikafika ikiwa na chembe. Jioni unyevu wa ziwa huingia, na vanishi iliyopakwa wakati huo huweza kugeuka nyeupe. Na usiku, katika siku ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka makundi kwa makundi na kuifuata taa, hakuna busara ya kupaka rangi dirisha likiwa wazi. Wakati ulio bora ni asubuhi, kabla ya saa tatu. Dirisha liwe wazi, kwani moshi wa gundi na rangi unadhuru mapafu, na watoto wasiachwe peke yao na vitu hivyo. Ningependa pia kila mtu ajue kwamba thina iuzwayo na wenye maduka ya vifaa kwa ajili ya rangi za magari huila plastiki ya mifano hii. Ijaribu kwanza katika kipande cha fremu kisicho na kazi. Rangi za maji ni salama zaidi, na brashi huoshwa bombani.

Vifaa havipatikani kila pembe ya mji, na wengi huletewa na jamaa waliosafiri. Hilo lisimzuie mtu. Watoto wa Kenya wamekuwa wakipinda waya wakapata magari yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, bila karatasi ya maelekezo na bila mtu kuwalipa, na mafundi wa jua kali wanajua kulikunja bati kwa ukamilifu unaoshangaza. Kandokando ya ziwa huota mti wa majini ulio mwepesi mno, ambao wavuvi wa zamani waliufanyia maboya ya nyavu, na ambao hukubali kisu kwa urahisi. Kumbuka wale wanafunzi wa mwaka 1942: hawakuwa na plastiki. Walikuwa na mchoro sahihi, kipande cha mti na kipimo, na mchoro wa ndege yoyote ya vita, kwa pande zake tatu, hauna shida kuupata siku hizi. Kama shule moja ya Kisumu ingechukua somo la hesabu, ikawapa wanafunzi urefu wa kweli wa Hurricane na kuwaambia waugawe kwa sabini na mbili kisha wachonge, nadhani uwiano usingekuwa tena mlango wa vitisho katika kitabu.

Aliyekwisha kupata mkono, na afikirie ndege za majini, kwani katika hizo Kisumu ina haki kuliko miji mingi. Huduma ya Imperial Airways ilifika ziwa hili mwaka 1931, na kuanzia 1937 ndege kubwa za Short Empire, zenye injini nne na mabawa ya karibu mita 35, zilitua katika ghuba yetu zikiwa njiani kati ya Uingereza na Durban. Italia ilipofunga njia ya Bahari ya Kati mwaka 1940, safari zikageuzwa zikawa za umbo la kiatu cha farasi, kutoka Durban kupitia Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu na Port Bell mpaka Khartoum na Cairo, na kutoka huko mashariki hadi Sydney, mpaka Singapore ilipoanguka mwaka 1942. Ndugu wa kivita wa Empire ni Sunderland, ambayo Airfix iliitoa kwa sabini na mbili mwaka 1959, yenye mabawa ya karibu sentimita 48. Na kule Kipevu, Mombasa, palikuwa na Catalina za jeshi la anga la Uingereza zilizolinda misafara ya bahari. Mbili miongoni mwa Catalina za eneo hili, moja ya kikosi cha 259 kilichoundwa huko huko Kipevu na nyingine ya kikosi cha 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Bukini tarehe 20 Agosti 1943.

Catalina humtaka muundaji aamue mapema kama ndege yake iko angani au majini, kwa sababu maboya yake ya pembeni hukunjwa juu yakawa ncha za mabawa, na hushushwa inapotua. Nashauri yashushwe, na chini yake yatengenezwe maji. Wanaoishi mbali hupaka maji ya samawati. Maji ya Ghuba ya Winam karibu na mji si ya samawati, ni ya udongo na kijani, na baada ya mvua huzidi wekundu. Ukingoni tia mafunjo, ukiyakata katika nyuzi za brashi ya zamani. Gugumaji usilitie, ijapokuwa ndilo unaloliona leo kila uendapo Dunga: lilianza kuonekana katika ziwa hili mnamo mwisho wa miaka ya 1980, na ndege hizi zilipokuwa zikitua hapa maji yalikuwa wazi mpaka ukutani mwa bandari.